Shajara ya tasnifu: Mzee Mtoro, makaratasi ya Berlin na mimi

Oktoba 16

Naanza hii shajara kwa sababu mwezi uliopita profesa aliniuliza nimefikia wapi nikajikuta naangalia dari. Mwenyewe najua nimefanya kazi, nimesoma, nimesinzia maktaba mpaka mlinzi kanizoea, ila ukiniambia nioneshe sina cha kuonesha. Kwa hiyo kuanzia leo nikifanya kitu naandika humu, nikiharibu pia naandika.

Kwa asiyenijua, mi mtu wa Tanga, nipo Berlin mwaka wa pili nasoma uzamili wa historia, ile wanayoiita historia ya dunia, yaani husomi Ulaya peke yake wala Afrika peke yake, unasoma pale vilipogusana. Nyumbani kila mtu kaniuliza historia ya Wazungu itakusaidia nini. Babu tu ndo hakuuliza, alisema "kawaangalie na wewe, maana wao walituangalia sana."

Semista hii lazima nisajili mada. Mada yangu ya kwanza ilikuwa Mkutano wa Berlin na Afrika Mashariki. Profesa kasoma, kavua miwani, swali moja tu: chanzo chako kiko wapi? Nikasema vitabu viko vingi. Akasema sijauliza vitabu, nauliza karatasi gani utaishika wewe mkononi ikuambie kitu ambacho hukukijua. Kimya. Na ukweli mada yenyewe ilikuwa na ufa, maana sote tulifundishwa walikaa mezani wakalichora bara lote kwa rula, kumbe ule mkutano (Novemba 15, 1884 mpaka Februari 26, 1885) sehemu kubwa ulihangaika na Kongo na Niger. Huku kwetu Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa anatafuta koloni, alikuwa anapita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami na vimikataba vyake, na barua ya ulinzi ya Kaisari ikatiwa saini Februari 27. Kesho yake tu! Wageni wanafunga mabegi, yeye anasaini.

Nimerudi nyumbani bila mada.

Oktoba 29

Nimepata. Au niseme yeye kanipata.

Nilikuwa maktaba natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na *Desturi za Wasuaheli*, chapa ya Göttingen 1903. Jalada linasema Carl Velten. Nikafungua ukurasa wa katikati nikisubiri Kiswahili cha kizungu, kile cha "mimi nataka wewe leta maji", nikakuta Kiswahili cha Mrima kimetulia, kina pumzi, kama nyanya yangu amekaa barazani anahadithia na hana haraka ya kwenda popote. Nikasema hapana, huyu aliyeandika si Velten.

Na kweli si Velten. Velten alikusanya na kuhariri, huko nyuma aliwahi kuwa mkalimani wa gavana Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maandishi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye kuanzia mwaka 1900 alikuwa hapahapa Berlin anafundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki. Hiyo seminari ilianzishwa 1887, miaka miwili tu baada ya ile barua ya Kaisari, na waliokuwa wanakaa madawatini ni maafisa wanaojiandaa kwenda makoloni, wanajeshi, wamisionari, wafanyabiashara. Mbele yao anasimama mtu wa pwani anawasahihisha ngeli.

Na hakuwa wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na Amur bin Nasur kutoka Unguja, alifundisha 1891 mpaka 1895, na habari zake alizoandika mwenyewe zilichapwa 1894 kwenye mkusanyo wa Büttner, mwalimu wa Kiswahili palepale. Hawa watu walikuwepo! Miaka yangu yote ya shule nimesoma Wajerumani walikuja kwetu, hakuna aliyeniambia kuna waliokwenda kwao wakalipwa mshahara kuwafundisha.

Nimemwandikia profesa imeili saa sita usiku. Kajibu asubuhi neno moja, "Weiter", yaani endelea.

Novemba 12

Nimeanza kozi ya kusoma mwandiko wa Kurrent. Jamani.

Mi nilidhani tatizo langu litakuwa Kijerumani. Kijerumani ninacho, cha kuungaunga lakini kinatembea. Kumbe makarani wa zamani walikuwa wanaandika kwa herufi ambazo hata Wajerumani wenyewe wa leo hawazisomi. E inafanana na n. U ni n ile ile ila imewekewa kijiupinde juu. H ina kitanzi juu na kitanzi chini, na s ndefu ukiwa na haraka unaiona h. Darasani tuko kumi na moja, wenzangu wengi wamekuja kwa sababu wamerithi barua za bibi zao na hakuna mtu ukoo mzima anayeweza kuzisoma. Mama mmoja karibu alie pale alipofanikiwa kusoma mstari wa kwanza, ulikuwa unahusu bei ya viazi.

Zoezi langu la kwanza nililirudisha nimesoma jina Velten kama "Vnltnn". Mwalimu akaniuliza kwa upole kama hilo ni jina la Kibantu.

Ila kuna kitu kimoja kimenifurahisha sana. Makarani hao, wakifika kwenye jina la kigeni, walikuwa wanabadilisha mwandiko, wanaacha Kurrent wanaandika herufi za Kilatini safi, halafu wanarudi kwenye mikwaruzo yao. Kwa hiyo ukishika ukurasa ambao huelewi kitu, macho yanapita mikwaruzo, mikwaruzo, mikwaruzo, halafu ghafla *Bagamoyo*. Limekaa pale linasomeka mpaka kwa mtoto wa darasa la pili. Mwalimu anasema utaratibu tu, ili wasikosee majina. Sawa, mi najua ni utaratibu, lakini nikiliona najisikia kama nimeitwa.

Novemba 27

Leo nimefanya ujinga, naandika kama nilivyoahidi.

Faili za ile wizara ya makoloni zipo Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka za taifa la Ujerumani, alama yake R 1001, ukumbi wa kusomea uko Lichterfelde kusini ya mji. Nimeamka saa kumi na moja, baridi ya kukata masikio, nimebeba chapati na chupa ya chai, treni, kisha miguu. Pale palikuwa chuo cha kijeshi cha Prussia, baadaye wakakaa SS, wale askari wa Hitler, baadaye Wamarekani, sasa hivi makaratasi. Ukishuka ukaona yale majengo ya matofali unahisi hata wewe unatakiwa upige saluti.

Nimeacha koti kwenye kabati, nimeingia na penseli tu kama sheria inavyotaka, nimempa dada wa kaunta namba za mafaili niliyokuja kuyashika. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi. "Haya yote yapo mtandaoni." Yameshaskaniwa. Ningeweza kuyasoma kitandani na blanketi. Na ya asili hawatoi kama skani ipo, ni haki yao, karatasi zinachakaa. Ilikuwa imeandikwa kwenye katalogi, sikusoma kwa sababu nilikuwa na mzuka wa kwenda kushika karatasi kama profesa alivyosema.

Nikamuuliza basi naweza kukaa tu? Akacheka, akanipa kiti kwenye kompyuta yao. Nimesoma skani ile ile ambayo ningeisoma chumbani, ila nimezungukwa na wazee wanaotafuta habari za baba zao. Sijui kwa nini nimesoma vizuri zaidi.

Desemba 9

Wiki mbili sijafanya kitu. Nipo zamu za kuosha vyombo hotelini, Desemba wanakula kama hawatakula tena. Kibali changu cha kuishi kinakwisha Februari na ofisi husika haina nafasi ya miadi, kila nikifungua ukurasa kalenda nyeupe. Nayaandika haya kwa sababu na haya ni sehemu ya tasnifu, anayedhani historia inaandikwa na mtu aliyetulia hajawahi kuiandika.

Januari 11

Nimerudi na nimerudi na hasira nzuri.

Nilikuwa napanga tasnifu kuhusu kitabu: nani aliandika nini, Velten kabadilisha wapi. Lakini kila nikisoma maisha ya Mtoro nakwama kwenye kitu kimoja. Oktoba 1904 alioa hapa Berlin mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Halali kabisa, hakuna sheria Ujerumani iliyokataza. Chuoni naye akawa ameingia kwenye mzozo na baadhi ya wanafunzi, akaacha kazi. 1905 akamchukua mkewe wakapanda meli kurudi kwetu. Walipofika Dar es Salaam serikali ya koloni ikawakatalia kukaa kama mume na mke, wakageuzwa wakarudi Ulaya. Gavana wakati huo ni Götzen, na mwaka huohuo, Julai, Maji Maji inaanzia Umatumbi.

Hebu fikiria. Mtu anaweza kulala na mkewe nyumba moja Berlin, makao makuu ya dola, hawezi kulala naye nyumba moja nyumbani kwake mwenyewe. Mtu aliyeandika kurasa na kurasa za posa na mahari na harusi za Waswahili, harusi yake yeye inakwama forodhani.

Basi nikaingia kwenye sheria, na hapo ndo mradi umegeuka. Ipo hivi, nijaribu kuieleza kama ningemweleza babu:

Sheria ya uraia ya 1870 ilisema mwanamke anafuata uraia wa mume. Mwanamke wa nje akiolewa na Mjerumani anakuwa Mjerumani. Mjerumani akiolewa na mtu wa nje anaupoteza wake. Sasa mtu wa koloni ni wa nje au wa ndani? Si raia. Lakini si mgeni pia, maana ni "mtu wa himaya", yuko chini ya Kaisari huyohuyo. Sheria za makoloni zilimwita mwenyeji, zikamweka chini ya mahakama na kanuni za peke yake. Kanuni za ndoa za Wazungu zilikuwa za Wazungu, za wenyeji zilikuwa za wenyeji, na ndoa iliyosimama mguu mmoja huku mguu mwingine kule haikuwa na pa kukaa. Maafisa wa koloni wakaona wasiliache pengo hilo wazi. Septemba 1905 wakazuia kufunga ndoa hizo kule Afrika Kusini Magharibi (Namibia ya leo), 1906 Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1912 Samoa. Angalia mwaka na angalia Mtoro alifika lini. Yeye alikuja kabla ya katazo kuandikwa! Wao wakamkatalia kwanza, karatasi ikafuata.

Na Bunge la Berlin halikukubaliana nao. Mei 1912 Reichstag ilipiga kura 203 kwa 133 kutaka ndoa hizo zitambuliwe, Wasosholisti na chama cha Wakatoliki wakiwa upande mmoja, kitu ambacho hakikutokea kila siku. Wakatoliki walikuwa wanatetea sakramenti kuliko mtu mweusi, lakini kura ni kura. Serikali ikakaa kimya, haikufanya kitu.

Profesa kaniambia: hapo sasa una historia ya Ulaya. Nikamwambia, hapo nina historia ya bandari ya Dar es Salaam. Akasema ndo hivyo hivyo, andika.

Januari 19

Sipati usingizi kwa sababu nimemkumbuka Bi Salme.

Binti wa Sultani Said, alizaliwa Unguja 1844, akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, Mei 1867 akabatizwa Aden na kuolewa siku hiyohiyo, akawa Emily, akaishi Hamburg. Mume akafa 1870, ajali ya tramu, yeye akabaki na watoto watatu nchi ya baridi. Aliteseka, lakini hakuna aliyesema ndoa ile haipo. Sheria ilimkubali kwa sababu aliyevuka ni mwanamke na mume alikuwa Mzungu. Mtoro ni sentensi ileile ukiigeuza, mume ndo wa kwetu, na hapo kila mtu anashtuka.

Nilitaka niwaweke hawa wawili sura moja. Profesa anasema usifanye haraka, kati yao kuna miaka 37, kuna utabaka, binti wa mfalme na mwalimu wa lugha, na 1867 Ujerumani haikuwa hata na koloni. Ana haki. Nitawaweka kwenye utangulizi, kurasa tatu, basi.

Februari 2

Leo darasa lilikuwa kwa babu, kwa WhatsApp.

Sababu ni hii: Wajerumani walijua barua za pwani zote zinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo kule seminarini hawakufundisha kuongea tu. Büttner, mmisionari wa zamani aliyeanza kufundisha Kiswahili pale, alitoa 1892 kitabu cha barua za Kiswahili zikiwa zimechapwa kwa mwandiko wake wa asili ili wanafunzi wazizoee. Mi madrasa nimekaa miaka sita, nikajua hapa nitateleza tu. Wapi. Msomaji wa Kurani ana irabu zote kwenye sahani, huku unajua maana ndo uweze kusoma.

Nikampigia. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, umekula? Nimekula. Umekula nini? (Hili swali haliepukiki.) Nikamweleza shida, akasema subiri. Baada ya dakika kumi ikaja picha, kipande cha daftari, kaandika be, alifu, be, alifu.

"Soma."

"Baba."

"Kwa nini si papa?"

"Hakuna pe hapo babu."

"Wee, nani alikuwa na pe? Be ndo hiyohiyo. Na kwa nini si pamba? Na mimi nikisema bamba?"

Nikacheka mpaka mwenzangu wa chumba akagonga ukuta. Neno moja, samaki anayemeza watu, zao la shambani na mzazi wako. Babu akasema ukiwa unaandikiana na mtu mnayefahamiana hukosei, unajua anakuuzia nini na anakudai nini, anayekosea ni yule anayesoma barua isiyo yake. Hilo nimeliandika pembeni kwa penseli, nitalitumia sura ya tatu, na nitaandika nimeambiwa na nani. Naongeza: kwa siku moja nimesoma maandiko mawili, la Kijerumani linalochanganya e na n na la kwetu linaloficha p ndani ya b, na yote yanataka kitu kimoja, uwe tayari unamjua anayeongea.

Kabla ya kukata akauliza, huyo Mtoro alizikwa na nani. Nikasema alifariki hapa Berlin 1927. Akasema sikuuliza lini. Sikuwa na la kumjibu, tukaagana.

Februari 20

Nimepata miadi ya kibali! Imetoka saa tano usiku mtu kaghairi nikaidaka. Nimekwenda, nimepata, mwaka mmoja. Nimenunua samaki.

Njiani nikapitia Brunnenstraße 193. Pale chini, kwenye njia ya miguu, kuna kijiwe cha shaba cha kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, wengi wanamjua Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, yeye mwenyewe akaingia vitani bado mtoto. 1929 akaja hapa akifanya kazi melini, akadai mshahara wa baba yake na wake ambao haukulipwa baada ya vita. Wakamkatalia, muda wa kudai eti umepita. Akabaki. Akawa mhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, kiti kilekile cha kina Mtoro. Januari 1933 akaoa mwanamke wa Kijerumani, siku tatu kabla Hitler hajapewa ukansela. Siku tatu. 1941 wakamkamata kwa kosa la "kuchafua mbari", uhusiano na mwanamke wa kizungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia kambini Novemba 24, 1944.

Nimechuchumaa pale nikakisugua kwa skafu, shaba inaingia weusi wakati wa baridi. Mtu kapita na mbwa, mbwa kanusa, mtu kasema samahani.

Machi 5

Leo nilionesha kazi mbele ya wenzangu na maprofesa watatu. Dakika ishirini. Nimesema hivi: katazo la ndoa lilijaribiwa kwanza kwenye makoloni, halafu 1935 likaja Ujerumani kwenyewe. Nilijisikia nimefunga goli.

Kumbe nilikuwa nimeotea. Swali la kwanza lilitoka kwa kijana mmoja Mpolandi, mpole sana: sheria za Nuremberg, zile za Wanazi za Septemba 1935, ziliandikwa dhidi ya Wayahudi, watu weusi na Waroma (wale wengi huwaita Majipsi) wakaingizwa kwa waraka Novemba. Na chuki ya Wayahudi ilikuwepo Ulaya karne nyingi kabla ya koloni yoyote. Sasa mstari wako kutoka Dar es Salaam mpaka Nuremberg unapita wapi? Ni nani aliyebeba faili kutoka meza hii kwenda ile?

Sikuwa na mtu wa kubeba faili.

Nimetembea kilomita nne kurudi kwa miguu nikiwa nabishana naye kichwani na kila raundi ananishinda. Maana hilo ndo lile swali la chanzo kiko wapi, limevaa koti jingine. Wanahistoria wa hapa wanabishana hili miaka zaidi ya ishirini, kuna wanaovuta mstari wa moja kwa moja kutoka Windhoek, mji mkuu wa Namibia, na kuna wanaosema mnarahisisha, na mimi nilitaka kulimaliza kwa slaidi kumi na mbili.

Machi 14

Nimefuta sura ya nne. Kurasa 19. Nimezihamishia kwenye folda inaitwa "makaburini".

Badala yake: sitavuta mstari. Nitaweka watu wawili waliokalia kiti kimoja kwa kupishana miaka ishirini na kitu, na kila mmoja nitauliza sheria ilikuwa inamwona nani alipoingia kwenye ofisi ya serikali na mkewe. Mtoro 1905 anaambiwa nchi yake haiwezi kuwa na ndoa yake. Husen ndoa yake inabaki kwenye vitabu, nchi ndo inambadilikia chini ya miguu. Kama kuna uzi msomaji atauona, kama haupo sitaufuma mimi. Nimemwandikia yule Mpolandi kumshukuru, kaniambia yeye anasoma vyeti vya ndoa vya Poznań wakati wa Prussia na majina yamebadilishwa tahajia yote, tumepanga kahawa.

Aprili 8

Binamu yangu aliyeko Dar amekwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, kwa niaba yangu. Mafaili ya wakati wa Mjerumani yapo pale, kundi lake linaanza na herufi G, na katalogi yake imechapwa Marburg 1973 baada ya wataalamu kutoka huko kuja kuyapanga. Nimempa namba tano. Amesoma ufugaji huyu, hajui Kijerumani hata salamu.

Kanitumia sauti: "Dada, wamenipa moja, mengine bado yanatafutwa. Mi sielewi kitu hapa, ni kama kuku kapita na matope. Lakini kuna neno naliona, Bagamoyo. Na hapa tena, Bagamoyo. Kwa nini hilo tu ndo linasomeka?"

Nimemweleza habari ya makarani na herufi za Kilatini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anahitaji nauli ya kurudia wiki ijayo. Nimetuma.

Mei 17

Rasimu nzima ipo, kurasa 84. Imebaki orodha ya marejeo tu, nikajua jioni moja nimemaliza.

Zotero, ile programu ya kupanga marejeo, inataka jina la ukoo na jina la kwanza. Nikaandika Mtoro bin Mwinyi Bakari, yenyewe ikamgeuza "Bakari, Mtoro bin Mwinyi" ikampeleka kwenye B. Bakari si jina la ukoo wake, ni baba yake, na Mwinyi ni heshima ya huyo baba. Nikajaribu "bin Mwinyi Bakari", ikamuweka kwenye b ndogo mwisho wa orodha kama mtu aliyechelewa harusi. Maktaba nyingine wamemweka chini ya Mwinyi. Na kitabu chake kwenye katalogi nyingi bado kipo kwenye V, kwa Velten.

Nikamuuliza profesa kwa imeili, akasema fuata mtindo wa idara, lakini mtindo wa idara haujawahi kukutana na mtu wa Bagamoyo. Nikampigia babu. Shikamoo, marahaba, umekula. Nikamuuliza, wewe ukitafutwa kwenye orodha utafutwe wapi? Akasema mimi? Kwa jina langu. Baba yangu ana mahali pake.

Zotero kumbe ina kitufe cha kufanya jina lote liwe sehemu moja bila kukatwa. Nimekibonyeza. Mtoro bin Mwinyi Bakari sasa yupo kwenye M, chini ya Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kiafrika ambaye alifanya naye kazi Hamburg kuanzia 1909, na kitabu nimekiandika kwa jina lake, Velten mhariri. Nimeweka na tanbihi ya mistari miwili kuwaeleza wasahihishaji kwa nini. Kesho nachapisha nakala tatu, binding nimeambiwa ni siku mbili kama sitaki ile ya haraka.

Binamu katuma ujumbe sasa hivi. Faili la pili limepatikana.